Meno ya Mtoto Mwenye Usonji: Wapi Utoe Pesa, Wapi Uibane

Dirishani kwenye kliniki ya meno mzazi huulizwa swali moja: anang'oa au anaziba? Kwa mtoto anayetulia kitini kuna majibu mawili na bei mbili. Kwa mtoto mwenye usonji kuna jibu la tatu ambalo halimo kwenye ubao wa bei, nalo ndilo linalomaliza mfuko: amekataa kufungua mdomo. Daktari amebembeleza, foleni imeanza kunung'unika, mnarudi nyumbani jino likiwa vilevile, nauli imekwenda na siku ya kazi imekwenda. Baada ya kwenda na kurudi hivyo, mnaandikiwa nusu kaputi, na hapo hesabu inahama kutoka makumi elfu kwenda malaki.

Hesabu hiyo inafaa ipangwe kuanzia chini, kwenye mswaki. Hata ndani ya Dar es Salaam bei za Kariakoo si za Masaki, na za hospitali ya serikali si za hospitali binafsi, kwa hiyo nitakazotaja ni za kupigia hesabu tu. Ngazi yenyewe haibadiliki: kinga ya nyumbani haizidi shilingi mia chache kwa siku, kuziba jino ni makumi elfu, matibabu chini ya nusu kaputi ni malaki, na kwa hospitali binafsi yanaweza kupita milioni.

Usonji wenyewe hauozeshi meno. Tafiti hata hazikubaliani kama watoto hawa wana matundu mengi kuliko wenzao; nyingine zimekuta mengi, nyingine sawa, nyingine pungufu. Tofauti iko kwenye mambo yanayouzunguka mdomo. Yupo mtoto anayekula vyakula vitatu tu, vyote laini. Yupo anayebana andazi shavuni kwa muda mrefu bila kulimeza. Yupo anayetuzwa pipi au soda kila anapotii, wakati mwingine kwa ushauri wa mwalimu wake mwenyewe. Baadhi wana kifafa pia, na dawa ya maji wanayokunywa usiku mara nyingi ina sukari. Dawa nyingine hukausha mate, na mate ndiyo yanayouosha mdomo kutwa nzima. Juu ya hayo, mnanaa ambao wewe unauona baridi, yeye anaweza kuusikia kama pilipili.

Kwa sababu hiyo, pesa ya kwanza itumike kutafuta kitu ambacho mtoto atakikubali asubuhi na usiku. Mswaki wa kawaida wa mtoto hupatikana kwa shilingi 1,000 hadi 3,000. Kinachotakiwa ni brashi laini na kichwa kidogo. Picha ya katuni kwenye mpini ni ya kumfurahisha mzazi. Inashauriwa mswaki ubadilishwe kila miezi mitatu, lakini mtoto anayetafuna ataumaliza mapema zaidi. Mtoto huyo mnunulie miwili: mmoja autafune atakavyo, mwingine uwe mkononi mwako ukisugua. Hata ukibadilisha kila mwezi kwa mswaki wa shilingi 2,000, mwaka mzima ni 24,000, na mara nyingi fedha hiyo haitoshi hata kuziba jino moja.

Kuna mswaki wa pande tatu, kama Collis Curve na Dr. Barman's, unaokumbatia jino na kusugua nje, ndani na juu kwa mpito mmoja. Kwa mtoto anayekuvumilia sekunde chache tu, huo ni msaada mkubwa. Tatizo ni kwamba kwetu haupo kila duka la dawa. Wengi huuagiza kwa intaneti au kwa ndugu aliye ng'ambo, na usafirishaji unaweza kuwa ghali kuliko mswaki. Ukiagiza, agiza ya mwaka mzima kwa mkupuo. Mswaki wa umeme, kwa upande wake, ni bahati nasibu. Wapo watoto wanaoupenda mtetemo wake hadi wakauomba wenyewe, na wapo ambao sauti yake tu inawatoa bafuni mbio. Usinunue kabla hajajaribu wa mtu mwingine, ukiwa umezimwa kwanza, kisha umewashwa na kuwekwa kiganjani, kisha shavuni. Na kama duka haliuzi vichwa vya kubadilisha, achana nao.

Kwenye dawa ya mswaki ndiko wazazi wengi wanakokosea hesabu. Wanaitazama bei ya tyubu badala ya bei ya siku. Mtoto wa chini ya miaka 3 anahitaji kiasi cha punje ya mchele, takriban gramu 0.1. Kuanzia miaka 3 hadi 6 ni kiasi cha punje ya njegere, takriban gramu 0.25. Akipiga mswaki mara mbili kwa kipimo cha njegere, anatumia nusu gramu kwa siku, na tyubu ya gramu 100 inadumu siku 200. Chukua tyubu ya shilingi 3,000: ni shilingi 15 kwa siku. Chukua tyubu ya nje ya shilingi 20,000, isiyo na ladha wala povu: ni shilingi 100 kwa siku. Tofauti ni shilingi 85, pesa ya pipi. Kama hiyo ya pili ndiyo pekee anayoikubali, inunue bila kujilaumu. Na kama anaikubali ya 3,000, usiongeze hata senti kwa ajili ya maandishi ya kupendeza kwenye boksi.

Kitu cha kusoma pembeni mwa tyubu ni floridi, na kiwango chake kianzie 1,000 ppm. Nyingi zinazotengenezwa hapa nchini, Whitedent ikiwemo, zina floridi. Jambo la pili ni SLS, kemikali inayotoa povu. Mtoto asiyependa kujaa mdomo povu mara nyingi hutulia akipewa dawa isiyo nayo, na baadhi ya dawa za watu wenye meno ya ganzi hazina. Jeli za mshubiri na unga wa mkaa unaouzwa kwa maneno matamu mitandaoni mimi siziweki hata kwenye mizani: nyingi hazina floridi, mkaa unakwangua jino, na bei ya bidhaa hizo huizidi ya dawa nzuri mara kadhaa.

Wasomaji wa Arusha, Meru na sehemu za Kilimanjaro na Manyara wana hesabu yao. Maji ya maeneo mengi ya huko yana floridi nyingi kiasili, kupita miligramu 1.5 kwa lita ambazo Shirika la Afya Duniani linazikubali, na ndiyo sababu kituo cha utafiti wa kuondoa floridi kikawekwa Ngurdoto. Magadi ya kupikia maharage na makande huongeza nyingine. Mtoto mwenye usonji mara nyingi hajui kutema, anameza. Kwa huyo, baki kwenye punje ya mchele hata akiwa mkubwa kidogo, punguza magadi jikoni, na kama paa lenu ni safi, maji ya mvua ya kunywa ni bure na hayana floridi ya kutia wasiwasi. Usiache dawa ya mswaki kwa hofu ya maji. Jino lenye madoa ya kahawia bado ni jino, lililooza linauma.

Kabla ya kufika kwenye matundu, kuna huduma moja ya kliniki ambayo kwa maoni yangu ndiyo nafuu kuliko zote kwa faida inayotoa, na wazazi wachache huiomba: vanishi ya floridi. Daktari au muuguzi wa meno anaipaka kwa brashi ndogo, dakika chache, bila sindano wala mashine, na mtoto anaweza kuwa amelala mapajani mwa mama yake. Hurudiwa mara mbili hadi nne kwa mwaka. Vanishi yenyewe ina floridi 22,600 ppm, ndiyo maana hupakwa kidogo sana na mikono iliyofundishwa. Haihitaji hata kiti cha meno. Shule yenye kitengo cha usonji inaweza kumwalika daktari akawapaka watoto wote asubuhi moja, darasani kwao, mahali ambapo hawaogopi. Wazazi wakichangishana, gharama ya kila mmoja inashuka na hakuna anayepoteza siku ya kazi.

Sasa tuseme jino limekwisha kutoboka. Lililozoeleka ni kuchimba kwa mashine na kuziba, na mashine hiyo, kwa sauti yake, maji yake na mtetemo wake, ndiyo hasa asiyoivumilia mtoto huyu. Zipo njia tatu zisizohitaji mashine, na mzazi anapaswa kuzitaja kwa jina anapoongea na daktari, kwa sababu asipotaja huenda asipewe.

Ya kwanza ni matone ya SDF, mchanganyiko wa madini ya fedha na floridi, yenye nguvu ya asilimia 38. Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2021. Jino linakaushwa, tone linapakwa, na mara nyingi tundu linaacha kuendelea. Tone moja linatosha kama meno matano, kwa hiyo dawa yenyewe ni ya bei ndogo. Unachokilipia zaidi ni muda wa daktari. Hurudiwa kila miezi sita au zaidi. Kasoro yake ni moja na haifichiki: sehemu iliyooza inageuka nyeusi, na itabaki nyeusi. Kwenye magego hakuna atakayeona. Kwenye meno ya mbele, bibi ataona na jirani ataona, na mzazi aamue mwenyewe kati ya aibu ya jino jeusi la utoto, ambalo litang'oka lenyewe, na malaki ya nusu kaputi. Mimi ningechagua jino jeusi. Haifai kwa mtoto mwenye mzio wa fedha, wala kwa jino ambalo tayari limeota jipu au linaloumiza usiku kucha.

Ya pili tunaweza kujivunia. Inaitwa ART, na ilianzia hapahapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, pale daktari Mholanzi Jo Frencken alipokuwa akifanya kazi na shule ya meno ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Vijijini hapakuwa na umeme wa kuendeshea mashine, basi wakatumia vifaa vya mkono: kukwangua sehemu laini iliyooza na kuziba kwa saruji ya meno inayoshika yenyewe. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaitangaza kwa dunia nzima. Kilichobuniwa kwa ajili ya kijiji kisicho na umeme kinamfaa sana mtoto asiyetaka kusikia umeme, na ajabu ni kwamba katika kliniki nyingi za mjini zenye kila mashine, hakipewi nafasi. Mara nyingi hata sindano ya ganzi haihitajiki. Inadumu vizuri kwenye tundu la upande mmoja wa jino. Kwenye tundu lililokula pande mbili au tatu za gego la utoto, ziba hiyo hutoka mapema, na mzazi aliyelipia mara mbili atasema ART ni mbovu. Si mbovu, imewekwa pasipo pake.

Kwa gego kama hilo kuna ya tatu, mbinu ya Hall, iliyopewa jina la Norna Hall, daktari wa meno wa Uskochi. Kofia ya chuma iliyotengenezwa tayari inajazwa saruji na kusukumwa juu ya gego la utoto bila kuchimba wala kuchoma sindano. Uozo unafungiwa ndani, vijidudu vinakosa chakula, na jino linakaa hadi wakati wake wa kung'oka. Kofia zenyewe huagizwa kutoka nje, kwa hiyo bei yake inaipita ziba ya kawaida, lakini hulipwa mara moja. Uliza kwanza kama kliniki inazo. Si zote zinazo. Na mwandae mtoto kwa ule msukumo: fizi hubanwa, na kwa siku moja au mbili atahisi anauma kitu.

Kung'oa ndiko rahisi kuliko yote kwenye ubao, na ndiko wengi hukimbilia. Kwa jino lenye jipu hakuna ubishi. Lakini gego la utoto la nyuma linalinda nafasi ya jino la ukubwani ambalo halitoki hadi kati ya miaka 10 na 12. Likitolewa mtoto akiwa na miaka 5, mengine husogea, na ukubwani unakuta meno yaliyopandana, magumu kusafisha, kwenye mdomo wa mtu ambaye tangu awali hapendi mswaki. Zaidi ya hapo kuna namna ya kung'oa. Mtoto aliyeshikwa na watu wanne akang'olewa jino kwa nguvu ametibiwa kwa elfu chache leo, na pengine hatakubali tena kuvuka mlango wa kliniki. Mzazi, una haki ya kusema hapana, mkapange siku nyingine, ikiwa jino si la dharura.

Nusu kaputi nayo ina mahali pake, na sitaki mtu asome hapa akadhani ni kosa. Mtoto mwenye meno manane yaliyooza, anayelia usiku, asiyevumilia hata kioo mdomoni, atatendewa haki zaidi akilazwa usingizi na kumalizwa yote kwa mara moja. Gharama yake inatokana na chumba cha upasuaji, daktari wa usingizi, vipimo vya kabla na kitanda cha baadaye, wala si meno tu. Kwa hiyo omba makadirio kwa maandishi, yakionyesha kila kimoja. Uliza pia ni meno mangapi yatazibwa na mangapi yatang'olewa, na kama yale mazima yatapakwa vanishi au kuzibwa mifereji ya juu ya magego akiwa bado amelala. Kutolifanya hilo ni kuipoteza nafasi mliyoilipia ghali. Masharti ya kufunga huwa saa sita bila chakula na saa mbili bila maji, na kwa mtoto mwenye ratiba isiyogeuka hilo ni jaribu, basi sisitiza awe wa kwanza asubuhi. Halafu kuna jambo ambalo madaktari wanalijua vizuri: watoto wengi waliotibiwa hivyo hurudi na matundu mapya ndani ya mwaka au miwili, kwa sababu nyumbani hakuna kilichobadilika.

Watoto wengine hawahitaji usingizi wowote, wanahitaji chumba tofauti. Mwaka 2023 jarida la JAMA Network Open lilichapisha jaribio la Los Angeles la watoto 162 wenye usonji, wa miaka 6 hadi 12. Kila mtoto alisafishwa meno mara mbili: mara moja katika chumba cha kawaida, mara moja katika chumba kilichopunguzwa mwanga, chenye muziki wa taratibu, picha zinazotembea polepole, na kitambaa kilichomkumbatia kitini. Katika chumba cha pili walihangaika kidogo kuliko katika cha kwanza, na miili yao ilionyesha hivyo. Vingi kati ya hivyo vinaigizika kwa bei ya sokoni. Miwani ya jua, simu yenye wimbo aupendao na visikizi vya masikioni, kanga ya mama aliyozoea harufu yake, ajifunike mwenyewe wala asifungwe nayo. Ongeza picha za hatua za safari, ulizopiga kwa simu yako: lango, kiti, kioo, mswaki, kurudi nyumbani. Omba nafasi ya kwanza ya siku. Na uliza kama mnaweza kuja siku moja kukaa kitini tu bila tiba. Kliniki itakayokutoza kwa hilo, tafuta nyingine.

Kuhusu nani analipa: sera ya serikali ya Tanzania inawasamehe watoto wa chini ya miaka 5 malipo katika vituo vya umma, kwa hiyo kuanza mapema ni nafuu mara mbili. Jino la kwanza likitoka, au akitimiza mwaka, mpeleke. Baada ya miaka 5, asiye na uwezo apitie kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla ya kufika dirisha la malipo. Mwenye bima aulize mambo matatu kabla ya kuondoka nyumbani: kuziba kunalipiwa, kofia ya jino inalipiwa, nusu kaputi kwa ajili ya meno inalipiwa? Vifurushi vinatofautiana, na jibu la "meno yamo" halitoshi. Usisahau kupiga hesabu ya usafiri. Mtoto asiyevumilia makelele ya daladala anapandishwa bajaji au teksi, na kliniki ya bure iliyo mbali inayokurudisha mara nne inaweza kuipita bei ya binafsi iliyo jirani inayomaliza siku moja.

Kwa mfuko mdogo, mpango wangu ni huu: dawa ya mswaki anayoikubali, kwa bei yoyote inayowezekana; vanishi mara mbili kwa mwaka; soda na ubuyu vitoke kwenye orodha ya tuzo, viingie vibandiko, puto, au dakika tano za bembea; tundu la kwanza likionekana, SDF au ART wiki hiyohiyo. Kwa mfuko mkubwa mpango ni huohuo, ukiongezewa mswaki wa pande tatu na kofia ya Hall.

Kumbuka tu kwamba wengi wa watoto hawa hawatasema jino linauma. Watakataa chakula walichokipenda jana, watajipiga shavuni, watang'ata kola ya shati, wataamka usiku, na nyumbani itasemwa usonji umezidi. Mwangalie mdomoni kwanza. Ukikuta shavu au taya limevimba na ana homa, hapo hakuna kulinganisha bei: ni hospitali siku hiyohiyo.